Steki ya Kauboi Aliyekula Maharage

Mgeni anayefika Stockyards, mtaa wa kihistoria wa Fort Worth, Texas, huamini kwamba kula kama kauboi ni kuagiza steki inayofunika sahani nzima, na wenye mikahawa hawana haraka ya kumsahihisha. Makauboi waliopitisha mifugo hapa kuelekea Kansas katika miaka ya 1870 walishindia maharage, mkate, nyama ya nguruwe ya chumvi na kahawa nyeusi. Ng'ombe alikuwa mali ya tajiri. Kumchinja njiani ni kula mtaji wa mtu. Leo bwana mteja anapanda kiti cha baa kilichoundwa kwa tandiko la farasi, miguu inaning'inia, anakula chakula cha tajiri kwa jina la kibarua.

Utasema kampuni za Swift na Armour zilikuwa na viwanda vya nyama hapahapa. Kweli, ila cha Armour kilifungwa 1962 na cha Swift 1971. Ng'ombe wanaopitishwa barabarani sasa, mara mbili kwa siku, ni wasanii, hawaendi jikoni. Utasema tena kwamba hakuna anayepanda ndege kufuata maharage. Haya, basi atembee hadi Joe T. Garcia's, mgahawa wa Kimeksiko wa tangu 1935, ambako kwa miaka mingi chaguo la jioni lilikuwa enchilada au fajita, basi. Ukauboi wenyewe, kamba na tandiko, Wamarekani waliurithi kwa wachungaji wa Meksiko. Na maharage yapo, pembeni ya sahani, bila kofia.