Nyumba Hii Haiuziki

Ndugu muuzaji, umeamua kuuza nyumba yako ya vyumba sita pale Tandika, ila pesa yenyewe huna haraka nayo. Vizuri. Fuata hatua hizi tano bila kuruka hata moja, na mwakani tarehe kama ya leo utakuwa ungali unalala humo humo.

1. Paka rangi, basi. Ukuta wa chumba cha pili umeliwa na chumvi, plasta inadondoka kama unga wa sembe. Usimwite fundi aibandue na kupiga upya, atakumaliza. Nunua ndoo moja ya rangi ya maji, nyeupe, upake usiku wa kuamkia siku ya mteja. Mjomba wangu alifanya hivyo. Mteja akaingia, akausifia weupe, kisha akaweka kidole gumba mahali palipovimba kidogo. Rangi ikapasuka, vumbi likammiminikia kwenye kiatu cheusi. Akakikung'uta taratibu, akauliza choo kiko wapi, akaelekea uani. Mpaka leo hajarudi.

2. Wapangaji usiwaambie. Mama wa chumba cha nne kalipa kodi ya miezi sita juzi tu. Mwache apate habari kwa dalali aliyesimama mlangoni na watu watatu, yeye akiwa na kanga moja na mwiko mkononi. Mteja akiuliza habari za nyumba, atajibiwa na huyo mama: maji yanatoka Alhamisi, karo limejaa tangu mwezi wa Ramadhani, na masika yakianza magodoro hupanda juu ya meza. Tena atajibiwa bure, bila udalali.

3. Madalali wawe wengi. Wewe unataka milioni 80. Dalali wa kwanza anaweka cha juu chake, wa pili naye ana watoto, wa tatu anajenga Chanika. Mteja mmoja ataletwa kwenye mlango ule ule mara tatu, kwa milioni 85, 95 na 110. Mara ya tatu ataanza kuuliza kama nyumba ni ya wizi.

4. Familia iwe ya mwisho kujua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi wako. Ya zamani hiyo! Saini peke yako. Na kama nyumba ni ya marehemu baba, habari ya kwenda mahakamani kuteua msimamizi wa mirathi iache. Nyinyi ni ndugu, mnaelewana. Mtaelewana hivyo hivyo mpaka malipo ya awali yatajwe. Asubuhi yake utaamka ukute mdogo wako wa Mbagala ameshapita na brashi. Ukuta wa mbele umeandikwa kwa herufi nyekundu, kubwa kama ndoo: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Na namba yake ya simu chini.

5. Mkataba uwe na bei ya uongo. TRA wanataka kodi ya ongezeko la mtaji, nawe huipendi. Basi andikeni milioni 30, mnong'onezane 80. Mnunuzi atakulipa 30 kwa uaminifu kabisa. Ukimdai 50 zilizobaki, atakufungulia mkataba ukurasa wa pili na kukuonyesha saini yako.

Wapo watu wasio na subira. Hao huwaketisha ndugu wote kwenye mkeka mmoja kabla ya kumwita dalali mmoja, wakaweka hati mezani, wakawapa wapangaji notisi na muda wa kuhama, na pesa ya rangi wakampa fundi apige plasta. Mteja akiuliza kuhusu masika, wanamwambia maji hufika wapi. Watu wa ajabu sana. Wameshahama.

Wewe usihangaike. Chukua ile rangi nyeupe iliyobaki kwenye ndoo, ufute maandishi ya mdogo wako. Yatafutika vizuri tu, na utapiga picha nzuri ya kumtumia dalali. Kisha masika yatashuka siku tatu mfululizo, rangi ya maji itaanza kuteremka ukutani, na mteja wako mpya atafika na mwavuli, asimame barabarani, akisoma herufi moja moja zinavyorudi.