Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo Chetu

YAH: SHUKRANI ZA WASHAURI WA TAALUMA KWA KUBAKIZWA WALIPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi maafisa taaluma wa ngazi ya kati, tunaoshauri wanafunzi mwaka mzima, tunakushukuru kwa msimamo wako usioyumba. Mwaka 2010 udahili ulipohamia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), tuliagizwa tujifunze upya. Mwaka 2017 waombaji waliporudishwa vyuoni, tukaagizwa tujifunze upya tena. Katika mageuzi yote hayo, vyeo vyetu havikuguswa.

Mwaka 2016 Serikali iliposimamisha upandishaji vyeo kupisha uhakiki wa watumishi, tulivumilia na watumishi wa nchi nzima. Baadaye wengine wakapanda. Sisi tukaachiwa heshima ya kuendeleza uzalendo.

Asante pia kwa kutukaimisha. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka mtu asikaimu zaidi ya miezi 6. Wewe ukaona huo ni ubahili, ukatuachia ukaimu tuzeeke nao.

Njia ya kupanda ipo, hatukatai. Anayeitaka aache wanafunzi, ahamie manunuzi au rasilimali watu. Kwa hesabu zenu, anayewafahamu wanafunzi kuliko wote ndiye anayestahili kukaa mbali nao.

Wasiotaka kuhama idara huhama chuo. Siku ya kuwaaga hamna bajeti finyu: keki, soda na hotuba ya pengo lisilozibika. Kisha kibali cha ajira kinasubiriwa, kijana mpya anaingia, nasi tunamfundisha kazi. Akishaiva, benki au chuo jirani kinamchukua. Hongera, umeanzisha kitivo kisicho na ada, kinachowaandalia waajiri wengine wafanyakazi.

Anayelipa ada ya kitivo hicho ni mwanafunzi. Yule mwenye sapu mbili, bumu limechelewa, yuko hatua moja kabla ya kudisko, anafika ofisini na kukuta mshauri wa tatu tangu aanze masomo. Anasimulia shida zake upya. Wengine huchoka kusimulia, wakaenda zao nyumbani, nanyi mkaandika kwenye taarifa kwamba "wameacha masomo kwa sababu binafsi".

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, muundo wa utumishi umruhusu mshauri kufika mwandamizi hadi mkuu akiwa bado anahudumia wanafunzi. Pili, aliyekaimu na kufaulu athibitishwe, aliyeshindwa aambiwe. Tatu, mtu aulizwe anachohitaji kabla hajaandika barua ya kuacha kazi.

Ukiona ni gharama kubwa, piga hesabu ya keki.

Tunaomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa Taaluma Daraja la I
(Kaimu Mwandamizi, hadi itakapoamuliwa vinginevyo)