Nta Si Samli

Mshumaa mweupe wa dukani, ule wa kuwasha umeme ukikatika, haujawahi kumdai mtu kipimajoto. Unawasha kiberiti, unadondosha matone mawili kwenye kisosi, unausimamisha, mnaendelea kula. Huu wa nta ya soya wenye manukato ni mwingine kabisa. Una masharti kuliko mganga, na tangu mke wangu aamue kuutengeneza nyumbani kwetu Tabata, masharti hayo yametuhusu sote, wageni wakiwemo.

Kwanza niieleze nta yenyewe. Kule Iowa, Marekani, ambako soya hulimwa kwa wingi, Michael Richards alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutafuta nta ya bei nafuu kuliko ya nyuki. Alichopata ni mafuta ya soya yaliyotiwa hidrojeni hadi yakaganda. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyoyagandisha mafuta ya kupikia ya kopo tangu enzi za bibi zetu. Kwa hiyo nta ya soya na mafuta ya kukaangia ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja kasomeshwa zaidi. Naomba undugu huu ukumbukwe, maana utatuletea balaa.

Maelekezo yanasema nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichokalishwa kwenye sufuria ya maji, ifike nyuzi 80 na kidogo, ndipo manukato yaingie. Nyumbani kulikuwa na kipimajoto kimoja tu, cha homa, ambacho mwisho wa elimu yake ni nyuzi 42. Kilipochovywa kiliandika H, kikapiga mlio mrefu, na hakijasema neno tangu siku ile. Mtoto alipopata mafua tulirudia kumpima kwa kiganja.

Manukato nayo hupimwa kwa uzito. Kilo moja ya nta hubeba gramu 60 hadi 100 hivi, na ukizidisha sana mafuta yanakosa pa kushika. Mke wangu ni mkarimu. Chai yake ina tangawizi ya kukutoa machozi, na mshumaa wake wa kwanza ulipata ukarimu ule ule. Ulipoganda ukatoka jasho. Vijitone vya mafuta vikajikusanya juu, utambi ukalowa, na kila ukiwashwa unatema cheche, unazima.

Na kwa nini manukato yenyewe yawe ya lavenda? Mche wake sijawahi kuuona. Pemba wanatoa mafuta ya karafuu, pwani yetu ina asumini na vilua, halafu sisi tukae Tabata tukinusa maua ya Ufaransa! Niliuliza mara moja tu. Niliambiwa wateja wanataka lavenda. Wateja wenyewe walikuwa hawajapatikana.

Mishumaa iliyofuata ilitoka vizuri, ikaja shida ya watoto. Mshumaa wa glasi, ukiwashwa mara ya kwanza, hutakiwa uachwe hadi nta iyeyuke ukingo kwa ukingo, kazi ya saa mbili au tatu kutegemea upana wa glasi. Ukizimwa mapema unayeyuka katikati tu, na safari zinazofuata utambi unazidi kuchimba pale pale. Sasa watoto wetu wanajua kazi moja ya mshumaa ukiwa umeme upo: siku ya kuzaliwa. Ukiwashwa tu wanakusanyika, wanaimba, wanapuliza, wanadai keki. Bidhaa zote za majaribio zikawa visima, moto uko chini kabisa, na ukitaka kuuwasha unaunguza vidole.

Ndipo Shangazi akaja kutoka Tanga.

Shangazi hakai bure kwa watu. Alfajiri aliingia jikoni, akakuta ndoo ya kitu cheupe kilichochambuka vizuri, kisicho na harufu, akakanda unga wake wa maandazi, akayakaanga kwa kitu hicho. Nilipoamka yalikuwa yameshajaa ungo, yana rangi ya kupendeza, na yakiwa bado ya moto hayakuwa na kasoro.

“Samli yenu ya wapi hii, mwanangu?” alimuuliza mke wangu. “Nzuri, hairuki.”

Mke wangu alikaa chini. Kabla hajapata sauti, Baba Mdogo, aliyekuwa amepita kutusalimia, alikuwa ameshachukua andazi lililopoa na kulisindikiza na chai ya uvuguvugu. Hapa sayansi ikachukua nafasi yake. Nta hii huganda ikishuka chini ya nyuzi 50 hivi, na mdomo wa binadamu una nyuzi 37. Tulimwona akitafuna, akasita, akapitisha ulimi juu, akasita tena.

“Dada,” alisema kwa taabu, “andazi limenivaa.”

Kwenye ungo maandazi mengine yalikuwa yanaanza kuvaa kanzu nyeupe, moja baada ya jingine. Hakuna aliyeugua, lakini si chakula, msijaribu. Shangazi alisomewa mashtaka yake, akaileta ndoo mezani, akaigeuza upande wa mbele. Ilikuwa ndoo ya zamani ya mafuta ya kupikia, muuza nta kaipakia mzigo wake humo.

“Picha ya nini hii?”

“Ya maandazi, Shangazi.”

“Mlitaka nipike pilau?”

Kesi ikafutwa. Akaagiza makaa, akatoa chetezo na kipande cha udi, na chumba kikanukia kabla mke wangu hajamaliza kueleza kwamba mshumaa wa soya unapaswa kukaa wiki moja au mbili ndipo harufu ikolee. Aliyeosha karai kwa maji ya moto akaimwaga nta kwenye sinki, nayo ikaenda kuganda ndani ya bomba. Mpaka sasa fundi bomba ndiye mtu pekee aliyepata fedha kutokana na mradi huu.

Mke wangu anaendelea, na mishumaa yake siku hizi ni mizuri, njooni mnunue. Ila nyinyi mnaouza nta kwa rejareja, tafuteni vifungashio vyenu. Mkishindwa, basi angalau bandueni ile picha ya maandazi.