Kasi ya Shikamoo

Kila anayeingia kwenye mashindano ya baiskeli kwa mara ya kwanza ana swali moja analolizungukazunguka. Atauliza bei ya tairi. Atauliza kama maziwa ya mgando yanaongeza pumzi. Atauliza kama ni kweli wale waendeshaji wa Ulaya hunyoa miguu, na kama ni lazima. Kinachomkera rohoni ni kingine: je, kasi yangu inatosha nisije nikachekwa? Kwa mtu wa Nyakisasa, au wa popote kwenye vilima vya Ngara na Biharamulo ambako barabara haivumilii kwenda sawa hata kwa dakika tano, jibu ni kwamba haitoshi, haijapata kumtosha mtu yeyote siku ya kwanza, na anayekuambia inatosha ana baiskeli ya kukuuzia. Anayeanza ataachwa, hilo halina mjadala. Cha kujadili ni ataachwa vipi: akiwa bado na pumzi, miguu na suruali nzima, au akiwa chali kwenye majani kando ya barabara huku watoto wa shule wakimhesabu mbavu. Na kinachowatenganisha hao wawili, nadai mimi, ni kasi aliyoichagua kila mmoja katika kilomita mbili za mwanzo.

Ushahidi wa kwanza hauhitaji kupanda ndege. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, na vilima vya Kigali ni ndugu wa damu wa vilima vinavyotuchosha huku ng'ambo ya mpaka wa Rusumo. Mbio kuu za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na ukijumlisha milima yote walipanda zaidi ya mita 5,000. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda kwa wastani wa kilomita 42 kwa saa, kasi ambayo bodaboda yenye abiria wawili na mkungu wa ndizi haiifikii. Hiyo ndiyo namba ambayo vijana waliibeba kichwani wakarudi nayo nyumbani, nayo ndiyo itakayowatia matatani. Namba ya kubeba ni nyingine: walioanza walizidi 160, waliomaliza walikuwa 30. Watu wanaolipwa kuendesha baiskeli, wenye madaktari, wapishi na magari ya kuwafuata nyuma kwa nyuma, zaidi ya mia moja walishuka njiani kabla ya kumaliza, na hakuna aliyehamishwa kijiji kwa aibu. Wiki moja kabla ya hapo, kwenye mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, Pogačar huyohuyo alipitwa barabarani na Remco Evenepoel wa Ubelgiji, ambaye alikuwa ameanza dakika mbili na nusu nyuma yake. Bingwa wa dunia alipitwa mchana kweupe mbele ya kamera, akaenda zake hotelini, akala, akalala, na Jumapili iliyofuata akashinda. Sasa wewe uliyeanza mazoezi baada ya mavuno ya maharage unaona haya ya nini?

Tuje kwenye hesabu, maana kasi ni hesabu kabla haijawa sifa. Kwenye tambarare adui mkubwa ni hewa, nayo hewa ina roho mbaya: ukitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 30, nguvu unayotumia kuisukuma inapanda zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya, akiwa peke yake, huenda 20 au 25 akiwa na furaha zake, kisha akijaribu 30 anageuka nyuma kuangalia nani amemshika kerea. Akijibanza nyuma ya mwenzake, karibu kabisa, anaokoa robo mpaka theluthi ya nguvu ile, na hapo ndipo kundi linapomdanganya: anaona 35 kwenye simu na kudhani ni zake, kumbe ameazimwa. Mlimani adui ni uzito. Mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya chuma ya kilo 20, akipanda mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100 kwa kilomita 10 kwa saa, anahitaji kutoa wati 160 na kitu, na hapo mtu wa kawaida asiye na mazoezi ya mashindano anakuwa amefika karibu na mwisho wa akiba yake. Kwa hiyo kilomita 10 kwa saa mlimani ni kasi halali ya anayeanza. Nane pia ni halali. Ikishuka chini ya sita usukani unaanza kuandika barua, na mama mwenye jembe begani anakupita huku akikupa pole. Hapo shuka usukume. Utafika wakati uleule, na pole zitapungua.

Mwenye duka atasema dawa ni baiskeli nyepesi. Kanuni za chama cha baiskeli cha dunia haziruhusu baiskeli ya mashindano kupungua kilo 6.8, basi tuseme umeuza ng'ombe kadhaa ukapata ya kilo 7. Umepunguza kilo 13 kati ya 95 zilizokuwa zikipanda mlima. Kwa miguu ileile, 10 yako imekuwa 11 na nusu. Ng'ombe wale walikuwa na kazi bora zaidi ya hiyo. Gia ni habari nyingine, hizo nazitetea kwa moyo wote, kwa sababu baiskeli yetu ya chuma, Phoenix, ina gia moja tu na gia hiyo ilichaguliwa na mtu ambaye hakuwahi kufika Ngara.

Pingamizi lenye uzito wa kweli linatoka kwa wabeba ndizi. Mtu anayefunga mikungu mitano kwenye kerea, akaongeza mmoja kwenye fremu kwa sababu nafasi bado ipo, akaisukuma mashine hiyo mpaka sokoni na kurudi na mabati, afundishwe nini kuhusu uwezo wa miguu? Na kweli Kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, wapo wakulima wanaoshindana kwa baiskeli hizihizi za chuma na wanakwenda mbio za kutisha. Nawaheshimu, na wala sidhani hoja yao inaivunja yangu. Mbeba ndizi ana miguu na ana mapafu, lakini kazi yake ina mwendo mmoja: kupanda anasukuma polepole, kushuka anapanda na kuomba Mungu. Mashindano hayana mwendo mmoja. Kundi linalala, watu wanapiga soga, kisha mmoja anachomoka na wote wanamfuata kwa sekunde ishirini kama wamechomwa, halafu wanalala tena. Mara kumi hivyo, mara ishirini hivyo, na ni ile ya ishirini na moja inayokuacha. Uwezo wa kuchomoka na kupoa unafundishwa miguuni kwa miezi, hauji pamoja na mkungu. Wale wa Usukumani wanaotisha wamejifunza kwa kushindana, na kwa kuachwa pia. Bado, akisimama mbeba ndizi mstarini pamoja na karani mwenye kofia mpya, nitaweka dau langu kwa mbeba ndizi afike mwisho, kwa sababu moja: hajazoea kutoka nduki eti mtu kapiga filimbi.

Basi anayeanza apime kwa nini? Simu ina namba nyingi, lakini barabara zetu zimejaa wazee, na hiki ni kipimo ambacho hakihitaji betri. Wataalamu wa mazoezi wanakubaliana kwamba mtu anayeweza kuongea sentensi nzima wakati wa mazoezi yuko kwenye mwendo anaoweza kuudumisha, na anayetoa neno mojamoja ameuvuka. Mila imetupatia sentensi yenyewe. Unampita mzee na fimbo yake: "Shikamoo." Akiitikia marahaba na kukuuliza habari za nyumbani, ukazijibu zote, za nyumbani, za watoto, za mvua, na pumzi ikabaki, huo ni mwendo wa mazoezi ya siku nyingi, na sehemu kubwa ya mazoezi ya anayeanza iwe hapo. Ukiweza shikamoo peke yake, uko kwenye mwendo wa mashindano, nao hauwezi kudumu siku nzima. Ukitoa "shika" halafu "moo" ikatokea ukiwa umeshampita nyumba mbili, umezidisha, na zaidi ya hapo umemkosea adabu mzee, jambo ambalo litafika kwa mama yako kabla hujafika wewe. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mlima unapoanza kinajirekebisha chenyewe: kasi inashuka, shikamoo inabaki palepale.

Wanaokipuuza ndio wanaotupatia vichekesho. Mwanzo wa mbio za wilaya yoyote unafanana. Filimbi inalia, na mgeni aliyevaa suruali ya kitambaa anatoka mbele ya wote, shangazi zake wanapiga vigelegele, na kwa mita mia nane yeye ni bingwa. Kisha mnyororo unakula pindo la suruali, kwa sababu pupa haikumpa nafasi ya kulichomeka ndani ya soksi. Au suruali inapona, lakini kwenye kilima cha kwanza mdomo unaacha kufungika. Au vyote vinapona mpaka saa ya pili, ambapo anagundua kwamba hakula kitu tangu uji wa asubuhi. Mwili una akiba ya wanga ya saa moja na nusu mpaka mbili hivi ukikimbizwa kwa nguvu, na ikiisha miguu haiombi ruhusa, inafunga ofisi. Mtu wa nchi ya ndizi kuishiwa nguvu kwa kukosa ndizi mbivu mfukoni ni kituko ambacho hata rubisi ya jioni haikisahaulishi.

Kuna watakaosema kwamba ukimwambia kijana atarajie kuachwa, unamlea uvivu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kujifunza kuendesha chini ya David Kinjah kule Kikuyu, alikwenda Salzburg mwaka 2006 kuiwakilisha Kenya kwenye mashindano ya dunia ya vijana, na sekunde chache baada ya kushuka jukwaa la kuanzia alimvaa ofisa wa mashindano, wote wawili wakaenda chini. Mwanzo mbaya kuliko huo ni vigumu kuubuni. Mwaka 2013 alishinda mbio za Ufaransa, akazishinda tena 2015, 2016 na 2017. Uvivu hauna nafasi katika hadithi hiyo. Kilichokuwapo ni miaka saba kati ya kugonga na kushinda, na vijana wetu wanataka kuipitisha miaka hiyo kati ya Rulenge na Nyakahura. Wala kasi haikuhakikishii usalama ukishafika juu. Biniam Girmay wa Eritrea, Mei 2022, alishinda hatua ya mbio za Italia, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika yoyote ya mbio tatu kubwa za Ulaya, na jukwaani akifungua chupa ya mvinyo kizibo kikamruka jichoni. Akajitoa mashindanoni. Waliomaliza nyuma siku hiyo walikuwa na macho yote mawili mazima.

Mahali pamoja tu ndipo ninapoacha mzaha, napo ni mteremkoni. Aliyeachwa mlimani hujaribu kulipiza wakati wa kushuka, akiwa na breki alizozitengeneza kwa kipande cha kandambili, kwenye vumbi jekundu, na malori ya Rusumo hayajui kwamba leo kuna mashindano. Sekunde zilizopotea kupanda zihesabiwe zimepotea. Na ninyi waandaaji wa Ngara na Biharamulo mna deni hapo pia, kwa sababu wengi hushuka kama vichaa wakijua wakichelewa watakuta hema limekunjwa, maji yamekwisha na mgeni rasmi ameshaondoka. Mwacheni mgeni rasmi aende. Wekeni pikipiki moja nyuma ya mtu wa mwisho, bakizeni maji na mkungu wa ndizi mbivu, na karani wa muda asifunge daftari mpaka huyo wa mwisho apite.