Mzinga wa Saa Sita

Yule mzee niliyemkumbatia mguu anakula meza ya nyuma yetu. Jana usiku nilipopita na sahani ya saladi aliweka uma chini, akatabasamu, akasema, "Bum!" Meza nzima ikacheka. Mkewe akanionyesha video kwenye simu, kwa upole kabisa, kama bibi anayekuonyesha picha za wajukuu. Nimejiona kwa macho yangu: mwanamke mzima na kitenge chake, yuko chini kwenye mawe, mikono imekumbatia kigimbi cha mume wa mtu, anapiga kelele, "Mama yangu mie!"

Ilikuwa Valletta, Malta, saa sita kamili mchana. Wifi yangu, ambaye ndiye aliyetulipia hii safari ya meli na ambaye hushinda akisoma vijitabu vya watalii, alinipandisha hadi bustani ya Upper Barrakka tuitazame bandari kutoka juu. "Simama hapo kwenye tao, wifi, nikupige picha." Nikasimama, nimeipa bandari mgongo. Ngazi moja chini yangu, juu ya ukuta wa ngome, mizinga imepangwa mstari, na askari wenye sare za zamani wanazungukazunguka. Watu kushoto na kulia wameinua simu. Wifi alijua kitakachotokea; alikuwa amesoma. Anasema hakutaka kuniharibia utamu.

Basi nilipopata pumzi nikataka kujua mzinga ulioniangusha ni kitu gani hasa. Kumbe ni saa. Enzi za Waingereza, nahodha aliyetia nanga pale chini aliuhitaji mzinga huu wa saa sita ahakiki kronomita yake, yaani saa ya baharini, kabla ya kuondoka. Umbali wako kutoka ikweta utaupata kwa kupima jua na nyota, lakini kujua umefika wapi mashariki au magharibi ni kazi ngumu mno bila saa. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa. Ukijua sasa hivi ni saa ngapi Greenwich, na ukaona jua limefika utosini hapo ulipo, tofauti ya hizo mbili ndiyo longitudo yako. Saa ikikosea dakika moja tu, karibu na ikweta umepotea kilomita 28. Ikikosea sekunde nne, karibu kilomita mbili, nazo zinatosha kabisa kukupandisha mwambani usiku. John Harrison, seremala wa Kiingereza, alimaliza sehemu kubwa ya maisha yake katika karne ya 18 akihangaikia saa isiyobabaishwa na mawimbi wala joto.

Halafu kuna hili, lililonifanya nisahau bega linalouma: mabaharia hawakuusikiliza mzinga, waliutazama. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Meli iliyo kilomita moja mbali husikia mlio umechelewa karibu sekunde tatu, na sekunde tatu tumeshaona zinakupeleka wapi. Moshi ndio mkweli. Mmoja anakodolea ngome, mwenzake ameinamia saa, moshi ukichomoza tu: "Sasa!" Mlio wenyewe ni makelele ya ziada. Mimi nimeangushwa na makelele ya ziada. Tena kwa kuwa kiangazi Malta husogeza saa mbele, jua lenyewe lilikuwa bado lina kama saa nzima kufika utosini.

Nilicheka nao, ndiyo. Ila nilikuwa na langu moyoni. Kwa matembezi haya ya mchana mmoja nilipeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, picha ya vipimo maalumu na uthibitisho kwamba nitarudi kwetu. Tena viza iwe ya kuingia mara nyingi, maana meli ikichungulia tu nje ya Schengen na kurudi, mwenye pasipoti kama yangu anahesabiwa kaingia upya. Mzee wa "Bum" hakuombwa hata risiti ya maji. Nami najua saa sahihi za baharini zilivyotufikia sisi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilikuwa zimejipanga mbele ya kasri la Unguja. Muda aliopewa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, aondoke humo ulikwisha saa tatu asubuhi. Dakika mbili baadaye mizinga ikaanza, na kabla ya saa nne yote yalikuwa yamekwisha, watu wapatao 500 wa upande wa kasri wameuawa au kujeruhiwa. Hakuna aliyewauliza mabaharia wale wanakusudia kukaa siku ngapi, wamefikia kwa nani, na wana akiba kiasi gani benki.

Mengine yalikuwa madogo. Kwenye kanisa kuu viatu vya kuchuchumia vyenye visigino vyembamba haviruhusiwi, visije vikatoboa makaburi ya marumaru sakafuni, kwa hiyo wifi aliingia peke yake, akatoka akinisimulia jinsi Caravaggio alivyotia saini ndani ya damu ya Yohana Mbatizaji. Sambusa yao ya njegere, pastizzi, iliniunguza ulimi.

Kesho tunatia nanga Catania, Sisilia. Wifi ameshalipia matembezi ya mlima Etna. Nimemuuliza huo unalipuka saa ngapi. Amepekua kijitabu chake mwanzo hadi mwisho, akaniambia hauna ratiba.