Namna ya Kula Embe la Nyumbani Ukiwa Kariakoo

Kabla hujanunua mche, panda juu ya paa la ghorofa yenu uhesabu miti. Utaona matangi ya maji, viyoyozi, madishi ya televisheni na nguo zilizoanikwa, na hapa na pale kichwa cha mwembe kimechomoza katikati ya kuta mbili za tofali. Mwembe huo ndio mwalimu wako. Shuka, itafute nyumba yake, piga hodi, salimia vizuri, kisha uliza jambo moja tu: mizizi yake inakunywa wapi? Ukifikishwa uani utakuta shina limezungushiwa zege pande zote, limebakiziwa udongo usiotosha kuweka sinia. Hapo utaelewa kwa nini kiangazi hiki mwembe huo umebeba maembe ya kuhesabika, na mengi yameanguka kabla ya kukomaa.

Watu wanalilaumu jua. Jua la kaskazi la Januari na Februari halikuanza leo, na mwembe hauna ugomvi nalo. Ukavu kabla ya maua ndio unaoushtua uchanue. Adui wa matunda ya Kariakoo ni saruji, na mwongozo wowote usioanza na saruji unampotezea mtu muda na hela ya samadi.

Mtaa huu wa Dar es Salaam ulipimwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakaufanya kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina likabaki. Viwanja vilikuwa vidogo, lakini nyumba ya Kiswahili ilijua kujigawa: vyumba sita, ukumbi katikati, na nyuma ua wenye jiko, choo na, aghalabu, mti. Mwembe, mpera, mstafeli au mkomamanga. Chini yake watu walipika, walisuka nywele, waliweka matanga na harusi. Leo ua ule ni fremu za maduka. Mbele fremu, pembeni fremu, nyuma stoo ya vitenge, juu ghorofa. Mwenye kiwanja simlaumu kwa kutafuta kodi. Namlaumu kwa kuunyima mti hata hatua mbili za ardhi, katika mji ambao mteja akishikwa na jua la saa nane hukimbilia kivuli chochote, hata cha mkokoteni.

Basi tuanze. Tunda huchaguliwa kwa kuangalia mkataba wa nyumba. Mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka apande mpapai, maana huanza kuzaa ndani ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Akihamishwa mapema, amemwekea mpangaji ajaye kifungua kinywa. Mwenye nyumba apande mwembe, ila anunue mche uliobebeshwa, ambao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Kokwa la dodo ulilolitupa uani linaweza kukusubirisha zaidi ya hapo kwa miaka, kisha likakupa embe ambalo si lile ulilolipenda. Aliye ghorofa ya tatu, mwenye kibaraza cha kusimama mtu mmoja, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini inamtosha kwa mndimu au mkomamanga. Asiubane mdomo kwa kuona haya, aende kwa fundi rangi yeyote aombe ndoo tupu.

Mpapai una mambo yake. Otesha miche mitatu katika shimo moja, kisha subiri maua. Dume huning'iniza vikonyo virefu vyenye vijiua vingi. Jike hutoa ua nene, moja moja, limeng'ang'ania shina. Ukishatambua, acha jike moja, ng'oa miche iliyobaki. Jirani atakushauri ulipigilie dume msumari ligeuke jike. Mshukuru, ule msumari utumie kutundikia pazia. Lakini mtaa mzima usimalize madume yote: jike lisilopata chavua hudondosha maua, kwa hiyo wakubaliane wenye nyumba chache zilizo jirani, mmoja wao alitunze dume kwa niaba ya wote. Hili nalisema kwa dhati, kwa sababu nimeona mipapai mikubwa yenye afya isiyozaa chochote, na wenyewe wakidai wamerogwa.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo. Onja maji yako kabla hujayamimina. Visima vingi vya katikati ya jiji vina chumvi, na mndimu ukinyweshwa chumvi hukuonyesha wenyewe: ncha za majani huungua, zinakuwa kahawia, kisha jani zima linadondoka. Mpapai nao hauvumilii. Mkomamanga, mkunazi na mnazi inaistahimili zaidi, kwa hiyo mwenye kisima cha chumvi apande hiyo asigombane na Mungu. Bomba nalo lina zamu zake. Aliyekuwa Dar es Salaam Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgao, anajua jinsi ndoo moja ya maji inavyogombewa na chai, udhu, kufua na mche.

Dawa ipo juu ya kichwa chako. Inua macho kwenye mtaa wowote wenye maduka, utazame viyoyozi vinavyodondosha maji barabarani tangu asubuhi hadi jioni, juu ya mabega ya wapita njia. Maji yale yametoka hewani, hayana chumvi. Weka ndoo. Muombe mwenye duka la chini akuruhusu kupitisha mpira mwembamba hadi kwenye mche, na umuahidi ndimu. Maji uliyooshea mchele nayo yaende huko huko. Mvua nayo isipotee. Msanifu majengo Beda Amuli alipolichora Soko la Kariakoo, lile lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege inayopokea mvua. Msanifu alijua tangu enzi hizo kwamba paa la Kariakoo ni shamba la maji. Sisi tumejenga mapaa mangapi tangu hapo, na mangapi yana hata mfereji wa bati?

Mkomamanga wa kwenye ndoo, ukiusahau siku nne kisha ukaumwagia maji mengi kwa kuona huruma, tunda hupasuka. Ndivyo yalivyopasuka mengi kiangazi hiki: ganda limekauka, punje zimejaa maji ghafla, ufa unatokea kutoka kitovuni hadi kikonyoni, na sisimizi wanafika kabla yako. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa mfuniko kwa sindano, ifukie kichwa chini pembeni mwa shina, ukate kitako uijaze jioni. Inadondosha taratibu usiku kucha, na mti haupati kiu wala mafuriko.

Udongo wetu ni mchanga wa pwani, haushiki rutuba. Lakini unaishi kando ya soko ambalo maganda yake ya ndizi, matikiti na mananasi hupakiwa kwenye magari kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Waombe akina mama wa kukata matunda wakuwekee kiroba kimoja. Changanya na majani makavu, funika, geuza kila wiki, na baada ya miezi mitatu hivi unayo mboji nyeusi isiyonuka. Samadi ya kuku iongezwe ikiwa imeoza kabisa. Mbichi inaunguza mizizi, na majirani watakuja kukuuliza kulikoni.

Wadudu nao wana haki ya aya yao. Ukikuta embe lina kitone cha utomvu na chini yake kitundu kidogo cha sindano, ujue inzi wa matunda ameshataga. Yule wa kutoka Asia aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 na tangu hapo hajaaga. Funza wake hushuka ardhini kugeuka inzi, kwa hiyo tunda lililoanguka halilali chini hata usiku mmoja. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo ungeyafungia matunda hayo, imepigwa marufuku tangu Juni 2019, basi yatumbukize kwenye ndoo yenye maji na mfuniko, yakae siku kadhaa, ndipo uyapeleke kwenye mboji. Maembe yaliyobaki mtini yavalishe karatasi ya gazeti, moja moja, kabla hayajaanza kuiva.

Na tafadhali, usichome moto majimoto. Wanauma, sibishi, mpanda mti anashuka akicheza ngoma isiyo na jina. Ila chungu hao wanaoshona majani kuwa nyumba ndio askari wa bure wa mwembe: huwafukuza inzi na wadudu wafyonzaji, na watafiti wamewatumia kulinda mikorosho na miembe. Kwenye mpapai shida ni nyingine: vidung'ata weupe, kama pamba iliyobandikwa chini ya jani, na sisimizi wadogo wanaowachunga. Wasugue kwa maji ya sabuni asubuhi kabla jua halijakolea, rudia mpaka waishe, kata jani lililozidiwa.

Kunguru hawaogopi mtu aliyevaa vazi kuukuu. Wa Kariakoo wamezoea kuona mengi. Nenda soko la samaki la Feri uulize wavuvi wavu chakavu, ufunike mpapai kuanzia tunda la kwanza linapoanza kupata rangi ya njano. Wavu huo huo unazuia popo usiku. Ushikize vizuri chini, ndege asije akanaswa.

Kuhusu watoto wa jirani nina msimamo mkali: mti wenye matunda ndio upigwao mawe, na jiwe lililokosa embe huangukia bati, kioo cha gari au kichwa cha mteja. Kuwazuia hakuwezekani. Tengeneza kingoe kirefu chenye kifuko cha wavu mwishoni, ukitundike mlangoni, na mkubwa wao apewe kazi ya kuchuma. Achume lililokomaa, lenye mabega yaliyojaa karibu na kikonyo, aliache na kipande cha kikonyo ili utomvu usiunguze ganda. Maembe yavundikwe ndani ya gunia la mchele siku tatu au nne. La kwanza apewe mwenye duka aliyekupa maji ya kiyoyozi, la pili mama wa maganda, na hao watoto wasirudi kwao mikono mitupu.

Kazi kubwa inabaki kabla ya yote hayo, na inafanywa kwa mdomo. Siku fundi anapokuja na mkanda kupima ua, uwe umeshafika kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia mnamwaga zege. Naomba pale kwenye kona mniachie mita moja na nusu, pande zote."

"Pale pana fremu, mwanangu."

"Fremu iwe ndogo kidogo, mzee, mlango wake ufungukie kwenye kivuli. Mpangaji atakupenda."

Akikubali, andikishianeni siku hiyo hiyo, fundi akiwa anasikia. Kona isiwe jirani na karo la maji taka, isiwe chini ya waya wa umeme, na ipate jua angalau nusu siku. Chimba shimo mapema, lijaze mboji na udongo uliochanganywa, uliache litulie mpaka masika. Mvua ya Machi ikilowesha ardhi vizuri, teremsha mche jioni, fungua kiroba chake bila kuvunja udongo, na mahali ulipobebeshwa pabaki juu ya ardhi.

Akikataa, rudi wiki ijayo na papai.