Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA),
Arusha.

YAH: OMBI LA KUPITIA UPYA KIBALI CHA DAWA YA UKUNGU AINA YA MANKOZEBU

Mheshimiwa,

Nimeandika hadharani si kwa utovu wa adabu, bali kwa kuwa jambo lenyewe ni la wengi: sisi tunaolima huku Malindi wilayani Lushoto, wanaopakia mboga Lukozi, na mama anayenunua nyanya Kariakoo bila kujua zilipigwa nini.

Kwanza upokee shukrani zetu. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea Namba 4 ya mwaka 2020 ilipoiunda Mamlaka yako, hakuna kiuatilifu kinachopaswa kufika dukani bila idhini yenu. Ni dhamana kubwa, na kwa ajili ya dhamana hiyo nimethubutu kukuandikia wewe.

Naomba ieleweke, Mheshimiwa, kwamba hatupigi dawa kwa kupenda. Malindi ni baridi, na yapo majira mawingu hulala shambani mpaka jua lipande. Hali hiyo ndiyo bakajani chelewa inayoitaka, ugonjwa ambao sisi tunauita ukungu tu. Jani la kiazi huanza na doa kama lililomwagiwa maji ya moto, na siku chache baadaye shamba zima limeungua. Mtu aliyekopa mbegu na mbolea hawezi kukaa akitazama. Anakwenda duka la pembejeo, anarudi na mankozebu, ama yenyewe, ama iliyochanganywa na metalaksili. Mankozebu hukaa juu ya jani na kukinga. Haiponyi jani lililokwisha kuugua, na mvua kubwa huiosha. Mvua ikikatika, mkulima analibeba tena bomba.

Ukijaaliwa kututembelea asubuhi ya kupiga dawa, utamkuta kijana akimimina unga wa rangi ya njano kwenye ndoo huku upepo ukimrushia usoni. Anakoroga kwa kijiti, na kijiti kikikosekana anaingiza mkono. Mfuniko wa bomba unavuja, shati linalowa mgongoni, naye anashinda nalo mpaka jioni. Anayemtekea maji ni mkewe, pengine mjamzito, na shati lile atalifua yeye. Bomba husuuzwa kwenye mfereji ule ule unaoteremka kwa majirani.

Hatuogopi, Mheshimiwa, kwa sababu dawa hii haimwangushi mtu papo hapo. Hata Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la viuatilifu visivyotarajiwa kuleta sumu ya ghafla vikitumiwa ipasavyo. Madhara yake huja polepole. Mankozebu inapovunjika, iwe shambani, mwilini au ndani ya sufuria jikoni, hutoa kemikali iitwayo ethilinithayourea, kwa kifupi ETU. Kemikali hiyo huvuruga kazi ya tezi ya thairoidi iliyopo shingoni, na homoni za tezi hiyo ya mama zinahitajika ili ubongo wa mtoto aliye tumboni ukue sawasawa. Huko Matina, Kosta Rika, watafiti walipima mkojo wa wajawazito zaidi ya 400 katika eneo ambalo mashamba ya ndizi hunyunyiziwa mankozebu kwa ndege. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliokaa karibu zaidi na mashamba walikuwa na ETU nyingi zaidi.

Mwezi Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutohuisha kibali cha mankozebu. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba dawa hiyo inahesabiwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni na kwamba inavuruga homoni za binadamu. Mheshimiwa, mimba ya Malindi haina kinga ambayo mimba ya Ulaya imeikosa.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba mambo manne.

Kwanza, Mamlaka iipitie upya mankozebu kwa ushahidi uliopo leo, na uamuzi utangazwe kwa Kiswahili pamoja na sababu zake.

Pili, wataalamu waje kupima: mabaki ya dawa kwenye nyanya zinazopakiwa Lukozi na kuuzwa Kariakoo, maji ya mifereji yetu, na, kwa ridhaa yao, mkojo wa wapiga dawa na wajawazito.

Tatu, wakati tunasubiri, dawa isipimwe tena madukani kwa kijiko na kufungwa kwenye mifuko ya plastiki. Mfuko ule hauna lebo, na pasipo lebo mkulima hajui kipimo, wala siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Maafisa ugani waagizwe kutufundisha, na akina mama waambiwe wazi kwamba kuosha nyanya vizuri kabla ya kupika hupunguza sana mabaki, kwa kuwa dawa hii hukaa juu ya ganda.

Nne, tusiachwe mikono mitupu. Hatuombi dawa inyang'anywe usiku mmoja, kwani ukungu hautasubiri. Aina za viazi zinazovumilia ukungu, kama Asante na Sherekea, zipo. Tunaomba uzungumze na wenzako wa utafiti na Wizara ya Kilimo mbegu safi zitufikie kwa bei tunayoimudu. Mkulima mwenye mbegu imara hupiga dawa mara chache, na mfukoni hubakiwa na kitu.

Mheshimiwa, tungefurahi kama jibu lako lingeletwa na mtaalamu wako hapa Malindi, kwenye mkutano wa hadhara, ili wapiga dawa na wake zao wapate kuuliza maswali. Tutalipokea kwa heshima zote, hata likiwa si lile tulilolitarajia.

Wako mtiifu,

Mkulima wa viazi na nyanya,
Malindi, Lushoto, Tanga.